Mlinzi wa saa 12 na hatari ya kiharusi

Mlinzi anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Akifanya hivyo siku 6, wiki yake ni saa 72. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam yeye hazihesabu saa kabisa. Anachokifuata ni hesabu, yaani fedha anazotakiwa kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, na ikiwa haijatimia usiku ukiingia, anaendelea na barabara mpaka itimie. Kwa hiyo kile kikomo cha saa 55 kwa wiki kinachotajwa kila kiharusi kinapohusishwa na kazi, mlinzi aliyeanza Jumatatu anakivuka katika lindo la usiku wa Ijumaa.

Kikomo hicho kilipata nguvu Agosti 2015, jarida la tiba la The Lancet lilipochapisha uchambuzi ulioongozwa na Mika Kivimäki wa University College London. Walikusanya tafiti za Ulaya, Marekani na Australia, zenye watu 528,908 ambao hawakuwa wamewahi kupata kiharusi, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.2. Waliofanya kazi saa 55 au zaidi walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao wa saa 35 hadi 40 kwa asilimia 33. Hata wa saa 49 hadi 54 hatari yao ilizidi kwa asilimia 27. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yakatoa makadirio yao: vifo 398,000 vya kiharusi katika mwaka 2016 vilitokana na saa nyingi za kazi.

Wapo wanaosita kuyakubali matokeo hayo, na hoja zao zina uzito. Katika watu wale wote, waliopata kiharusi walikuwa 1,722, yaani kama 3 kati ya kila 1,000 katika miaka yote hiyo 7. Ukiongeza theluthi, unapata 4. Tena hakuna mtafiti aliyewapangia watu saa za kazi kwa kura ili aone nani ataugua. Walioangaliwa walikuwa tayari na maisha yao, na anayefanya kazi sana mara nyingi ndiye huyohuyo anayelala kidogo, anayekaa kitini kutwa, pengine anayekunywa zaidi. Watafiti walijitahidi kuyaondoa hayo katika mahesabu, lakini hayaondoki yote. Na utafiti wa Denmark wa mwaka 2018, wa waajiriwa karibu 150,000, haukuona ongezeko la wazi la kiharusi kwa jumla.

Hoja ya 3 kuwa 4 ndiyo iliyonifikirisha zaidi, kwa sababu inategemea unaanzia wapi. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa 2010 ulikuta kwamba Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya vilikuwa karibu 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Wilayani Hai, Kilimanjaro, karibu 109. Kiwango cha Dar kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Presha ndiyo inayoongoza kwa kusababisha kiharusi, na wengi wetu tunatembea nayo bila kujua. Ikiwa saa nyingi zinaongeza theluthi juu ya hatari iliyokwisha kuwa kubwa hivyo, theluthi hiyo ni ya watu wengi kuliko ilivyo huko Ulaya. Wale wa The Lancet, kumbuka, wengi wao waliishi kwenye nchi ambazo kupimwa presha ni jambo la kawaida.

Ipo hoja nyingine, ya tumbo, nami siwezi kuipuuza. Mwambie dereva apunguze saa 3 kila siku, atakuuliza watoto watakula nini. Ana haki ya kuuliza. Ushauri wa kupumzika unaotolewa kwa mtu asiyepanga ratiba yake haumsaidii. Watafiti wa Ufaransa walioona kiharusi kimezidi kwa asilimia 29 miongoni mwa waliofanya kazi zaidi ya saa 10 angalau siku 50 kwa mwaka, walikumbusha pia kwamba tafiti za awali zilikuta athari ndogo kwa wenye biashara, wakurugenzi na wakulima. Huenda tofauti ni nani anayeamua lini kazi iishe. Mwenye pikipiki yake anaweza kurudi nyumbani kichwa kikimgonga. Wa hesabu atameza panadol aendelee.

Mlinzi ana shida moja ya ziada, na hii naiona nzito kuliko zote. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuliyeyusha donge, ila inatakiwa itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mdomo ukienda upande saa 7 usiku, mkono ukalegea, maneno yakakwama, ni nani aliyepo getini wa kuona? Mwenzake anafika saa 12 asubuhi. Muda umeshapita kabla mtu hajatafuta gari.

Kwa mwajiriwa, kwa hiyo, swali linamhusu mwajiri na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu isiyozidi saa 50 kwa wiki 4. Gawanya hizo 50 kwa 4, jumlisha na 45: ni saa 57 na nusu. Kwa hiyo hata mwajiri anayefuata sheria neno kwa neno anaweza kumfanyisha mtu kazi, mwaka mzima, juu ya kikomo cha saa 55. Hapo sheria ndiyo ya kutazamwa upya. Lakini mlinzi wa saa 72, ambaye haondoki lindoni hata kwenda kula, amezidishiwa saa 14 na nusu juu ya ruhusa hiyo, na kila wiki yupo mtu ofisini anayekaa na kuziandika kwenye ratiba.