Kabla Hamjaiamini Ile Video

Naona video imeshafika mpaka Chake Chake. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kunitumia hata salamu ya Idi, kanirushia na mstari mzima wa vikaragosi vya kicheko. Basi acheni niseme mwenyewe, maana yule bwana wa Tanga aliyeisambaza kaanzia katikati, na juu yake kaandika eti nimetumbukia kwenye shimo la mafuta. Sikutumbukia popote. Mafuta ndiyo yaliyonifuata.

Kwa wageni wa hapa: niko kusini mwa Oman, jangwani, kazi yangu kuchukua sampuli za visima. (Mnaouliza mshahara, leo niacheni.) Mafuta ya huku ni mazito na visima vingi vimezeeka, maji yanayotoka ni mengi kuliko mafuta yenyewe. Pale Nimr, eneo la visima la huku huku kusini, kila pipa moja la mafuta huja na mapipa kama 10 ya maji, mpaka wakapanda mabwawa ya matete ya kuyasafisha. Maji yanayojitenga yenyewe hayana taabu, yanatuama chini ya tangi, yanatolewa. Taabu ni yale yaliyovurugika humo ndani. Yakibanwa kwenye choki ya kisima, ile njia nyembamba inayopunguza kasi ya mafuta yanayotoka, na kupigwa na pampu, yanakatikakatika kuwa matone madogo mno, halafu asfaltini, zile chembe nzito kama za lami zilizomo kwenye mafuta, zinalizunguka kila tone kwa utando. Matone yakigongana hayaungani tena. Ndiyo emalsheni hiyo: kahawia, nzito kuliko mafuta yenyewe, inavutika kama haluwa iliyoepuliwa kabla haijaiva.

Sasa, asubuhi ile walikuja wanafunzi wa uhandisi na mwalimu wao. Mzee wetu wa zamu, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi, akaniambia, "Mwanangu, wachukulie sampuli hawa, na uwaeleze kidogo."

Kidogo! Mnanijua.

Nikawaeleza kwamba dawa ya kutenganisha hutiwa sehemu chache tu katika milioni, inakwenda kuudhoofisha ule utando, matone yanaungana, yanakuwa makubwa, yanazama. Nikaongeza kwamba ukiizidisha, dawa hiyohiyo yaweza kuishikilia emalsheni isiachane. Mwalimu akaandika kwenye daftari. Mwalimu! Nikavimba. Kumbe pampu ya dawa ya kisima hicho ilikata usiku, na baridi ya Januari ikamalizia kazi ndani ya kile kibomba cha sampuli.

Nikategesha chupa, nikafungua valvu. Kimya. Nikafungua zaidi. Kikatoka kimkia cha kahawia, urefu wa kidole, kikaning'inia. Hakianguki, hakirudi.

Mzee nyuma yangu: "Funga hiyo, baba. Usichungulie."

Na hili liwafikie wote wa kundi la Maskati: SIKUCHUNGULIA. Niliinama kusoma lebo ya chupa. Ndiyo, niliiandika mwenyewe dakika ile ile. Mtu hasomi mwandiko wake?

Valvu ikaguna, kwa mbali, ndani kabisa. Kimkia kikatikisika. Kisha, nakumbuka hili vizuri kuliko siku ya harusi yangu, kikaanza kurudi ndani, taratibu, kikazama tunduni. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, imezibuka. Nikasogeza uso.

Haikulipuka. Ingelipuka ningepata heshima. Ilitoa "pwoo" moja nzito, gesi iliyokuwa imekwama nyuma ikapata njia, na kila kilichokuwa mbele yake kikaja kwangu. Kwanza kofia. Halafu miwani: dunia ikawa kahawia, kisha ikazimika. Halafu ndevu. Halafu ikapata upenyo kwenye kola. Ya mwanzo ilikuwa baridi, ya nyuma yake vuguvugu, inateremka mgongoni pingili kwa pingili, haina haraka na mtu. Nikapangusa miwani kwa glavu, na glavu nayo imejaa. Basi nimesimama gizani mbele ya darasa zima, mkononi nimeshika chupa ya sampuli, tupu, safi, haijapata hata tone.

Nikasikia Mzee akifunga valvu. Kipima gesi changu hakikulia, nashukuru. Halafu ikaja sauti ya binti mmoja, kwa adabu zote: "Ustadh, hii ndiyo emalsheni?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Video inaanzia hapo, kwenye bafu la dharura. Jamani, nilivuta mnyororo, maji yakanimiminikia, nikasugua ndevu kwa nguvu zangu zote. Kila nikisugua inazidi kuwa nzito. Inaumuka! Mzee anapiga kelele, "Usisugue! Unatia maji na unakoroga, unatengeneza nyingine!" Na yule mwalimu, Mungu anamuona, akawageukia wanafunzi, akanyoosha kidole kwenye ndevu zangu, akaanza kuwafafanulia kazi ya choki. Ndiyo maana kwenye video mnaona watu wanaandika. Hawakuwa wanaandika vichekesho.

Yaliyobaki ni mafupi. Mpishi akaja na sabuni ya vyombo, ngozi ikatakata, ndevu zikagoma, zikanyolewa. Mke wangu nilipompigia simu ya video akauliza huyo kijana ni nani. Pampu ikatengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Ila kuna kipande bwana wa Tanga hakukirekodi, na bora mkisikie kwangu. Chupa yangu ilikuwa tupu, na maabara inataka sampuli yake. Kabla sijaruhusiwa kusogelea bafu, yasije maji yakaharibu hesabu, Mzee alichukua kijiko akanikwangua ovaroli mpaka chupa ikajaa. Maabara wakachukua mililita 50 zangu, wakatia 50 za tolueni, kiyeyushio cha mafuta, wakapasha mpaka nyuzi 60, wakatia kwenye mashine ya kuzungusha. Mafuta ya kuuza hutakiwa maji na uchafu visizidi asilimia 1, pengine nusu yake. Mimi nilitoka na 42.

Leo nimepita kuliangalia daftari la sampuli. Tarehe ipo, saa ipo, namba ya kisima ipo. Mahali ilipochukuliwa: "Kifuani, upande wa kushoto." Na Mzee katia sahihi.