Kivuli kwanza, nyasi baadaye: miti kwenye barabara za mitaa ya Dar

Barabara ya mtaani Dar es Salaam inapofumuliwa ili ijengwe upya, suala la miti huletwa mkandarasi akiwa tayari saiti. Mkazi anataka kivuli, mhandisi anataka mtaro, mwenye duka anataka mahali pa wateja wake kuegesha. Mimi niko upande wa kivuli, lakini hoja za mhandisi ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali.

Iliyo nzito zaidi ni hii: kwa nini upande kitu utakachokuja kukikata? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo lote lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi 60, au mita 30 kila upande kuanzia katikati, na huko ndiko zilikotoka zile X nyekundu na za kijani kwenye kuta za nyumba zilizoingia ndani ya hifadhi. Nafasi hiyo imetengwa kwa upanuzi, na upanuzi huja kweli. Itazame Barabara ya Bagamoyo. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta kilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2014, kisha mitambo ikarudi kujenga njia za mabasi ya mwendokasi awamu ya nne. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuelekeza shilingi bilioni 4 zipanue kilometa 4.3 kati ya Mwenge na Morocco. Kipande hicho nacho kikaja kujengwa upya. Aliyepanda mti katikati ya barabara hiyo alikuwa anaotesha kuni.

Ila hoja hii inazihusu barabara kuu, zile za TANROADS, wakala wa taifa wa barabara. Mtaa wa ndani Sinza au Tabata, ulio chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, umebanwa na nyumba pande zote mbili na hautapata njia nane hata wajukuu wetu wakizeeka. Humo kinachosumbua ni ufinyu. Chukua mtaa wenye upana wa mita 15. Lami ya njia mbili itakula mita 6.5, mitaro miwili ya mita moja moja inafanya 8.5, na njia za waenda kwa miguu za mita mbili kila upande zinafikisha 12.5. Zimebaki mita 2.5. Ukizigawa pande zote mbili unapata vipande visivyotosha mti wala gari. Ukiziweka upande mmoja, unapata mstari mmoja wa miti yenye nafasi ya kukua.

Upande upi? Ule usio na nyaya za umeme za TANESCO, maana mti ulio chini ya nyaya utakatwa kichwa kila mwaka. Kwa barabara inayokwenda kaskazini na kusini, mti usimame magharibi mwa njia ya miguu, kati yake na lami, ili jua la saa tisa alasiri likutane na majani kabla ya kumfikia mtu anayetoka kituo cha daladala. Wenye maduka watalalamika kwamba mabango yao yanafichwa. Wana haki, lakini matawi yakipogolewa hadi juu ya kimo cha mtu, bango linaonekana na kibaka hapati pa kujificha.

Kuhusu mitaro na mizizi, mhandisi hasingizii. Mkrismasi unapendeza ukichanua Desemba, ila mizizi yake haiendi chini sana na hunyanyua vitofali. Mkungu una kivuli kizuri mno, lakini majani yake mapana yakiingia mtaroni kabla ya masika, maji yatahamia sebuleni kwa watu. Mwashoki tunaoupanda kwenye fensi hauna madhara, na kivuli pia hauna. Mwarobaini unavumilia kiangazi, hukua haraka, na majani yake ni madogo. Ningeuchagua huo, ukae mbali na ukuta wa mtaro.

Nyasi na maua ya kwenye kisiwa cha katikati siyatetei. Yanapendezesha siku ya kukata utepe, na hela yake ingejenga kingo ndefu za kuzuia bodaboda wasipande kwenye njia ya miguu.

Linabaki la maji. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, huwa mara nyingi mwaka mmoja, na mkandarasi akishakabidhi barabara, hakuna tena wa kumwagilia. Mche uliopandwa wakati wa vuli hukutana na Januari na Februari ukiwa peke yake. Ningependa sehemu ya malipo ya miti ishikiliwe hadi kiangazi cha pili kipite, kisha ihesabiwe iliyo hai tu. Na wapo watu wanaomwagilia kila siku ndani ya hifadhi hiyohiyo ya barabara: wauza miche na maua. Mhandisi atasema wamevamia, na kisheria anaweza kuwa sahihi, kwa sababu ukimruhusu mmoja kukaa, kesho atakuja na wa chipsi. Hata hivyo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, wenye mita zilizopimwa na idadi ya miti ya kutunza, ungegharimu pungufu ya boza la maji, na anayeachia miti ife angepoteza eneo lake.