Unanipita konani unawahi nini?

Kinachonikera kwenye barabara ya mzunguko ndani ya msitu ni dereva wa gari anayenipita konani nikiwa kwenye baiskeli, mahali ambapo miti imeziba kila kitu mbele. Hawezi kusubiri sekunde kumi! Gari likitokea upande wa pili, ananibana pembeni, na pembeni ndiko majani yaliyolowa hujikusanya. Tairi jembamba la milimita 28 likiingia hapo huku umeshika breki, uko chini. Ufaransa sheria inadai dereva aache mita 1.5 kati yake na baiskeli anapoipita nje ya mji. Mimi juzi kioo cha gari kilinigusa kiwiko. Kiwiko, jamani! Mbele kidogo nikamkuta ameegesha, anapiga picha za bonde. Sasa haraka yote ile ilikuwa ya nini?