Otomatiki haijakukosea, acha kuing'oa

Juzi nilipita gereji moja Unga Limited, Arusha, kufuata rejeta yangu, nikaikuta Benz ya zamani ya dizeli, W123, 240D, bodi safi, viti bado vya kwake, imekalishwa juu ya mawe. Gia boksi ya otomatiki imelazwa kwenye tope karibu na banda la mama ntilie. Nikauliza imekufa lini. Fundi akajibu kwa kujiamini kabisa: "Haijafa, mzee wangu. Hizi otomatiki za zamani zinasumbua tu, tunamfungia manyuo, gia ya kukanyaga klachi, apumzike."

Haijafa! Yaani tunazika mtu anayepumua.

Mwenye gari alikuwepo, kijana mstaarabu wa Sakina. Nikamuuliza ilikuwa inasumbua nini. Akasema inaingiza gia kwa kishindo, mpaka mama yake aliapa hapandi tena. Halafu bila kuulizwa akaongeza kwamba siku hizi hata akizima ufunguo injini inaendelea kunguruma, lazima afungue boneti abonyeze kile kidude kilichoandikwa STOP. Na milango haijifungi yote kwa pamoja kama zamani.

Wenye Benz za dizeli mmeshaanza kucheka, au kulia. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, ya kutosha yenyewe, ndiyo maana Mjerumani aliifungia pampu yake. Pampu hiyo moja inalainisha breki, inafunga milango, inazima injini, na inaipelekea gia boksi habari kwamba dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili ijue iingize gia kwa upole au kwa nguvu. Kukiwa na mahali panapovuja hewa, habari haifiki, nayo gia boksi inaingiza kwa nguvu kila mara. Hapo unapata kishindo, injini isiyozima na milango iliyogoma, na ugonjwa ni mmoja: vimpira vya kuungia mipira ya vakyumu vimekauka. W123 za mwisho zilitoka kiwandani 1986, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina miaka 40 hivi. Mpira gani unavumilia miaka hiyo yote pembeni ya injini ya moto?

Kabla ya kumwaga boksi zima chini kulikuwa na kazi ya asubuhi moja tu. Fuata mipira kuanzia kwenye pampu mpaka kwenye gia boksi, badilisha vimpira vilivyokufa. Angalia waya wa kurekebisha gia, ule unaotoka upande wa mafuta, maana usiporekebishwa vizuri gia zinaingia mapema au zinachelewa. Pima haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, injini ikiwa inanguruma, boksi likiwa la moto, mkono wa gia ukiwa P, na si asubuhi gari likiwa baridi kama nilivyoona wengi wakifanya. Mwaga haidroliki ya zamani, hata ile ya kwenye konvata, sehemu inayopeleka nguvu ya injini kwenye boksi, kwani Benz hii imewekewa nati ya kumwagia huko, kisha weka filta mpya. Baada ya hapo ikigoma, tuongee.

Najua mtakachosema. Sawa, nakubali kwa shingo upande: 240D ina nguvu farasi 65, za baadaye 72, na ukiipa otomatiki halafu ukaipakia mashangazi na ndizi kutoka Himo kupanda Marangu, hata noah ya abiria itakupigia honi. Manyuo ingekuwa nyepesi zaidi hapo. Lakini mnaosema otomatiki haishiki gari kwenye mteremko, mmewahi kuweka mkono wa gia kwenye S au L, zinazolizuia boksi lisipande gia za juu? Zile herufi hazikuwekwa kwa urembo.

Haya, umeamua kufunga manyuo. Unajua unachonunua? Pedeli ya klachi na masta yake, silinda ya chini, flaiwili iliyobalansiwa ifanane na ile iliyotoka, sahani na presha, ile beringi ndogo ya nyuma ya kranki, kiti cha gia boksi, propela yenye urefu wake. Pale gereji nilimwona mtu anapima propela kwa kamba ili aikate na kuichomelea. Kwa kamba! Ukifika Usa River na spidi 90 utajua kamba ilikuwa fupi au ndefu.

Kinachonikera kupita vyote ni nyaya. Otomatiki haipigi stata mpaka mkono uwe P au N. Ukitoa boksi, swichi hiyo imekwenda nayo, fundi anaunganisha nyaya mbili na maisha yanaendelea. Ndiyo, manyuo nyingi za zamani zinapiga stata zikiwa kwenye gia, sibishi. Ila nyumbani kwako kila mtu amezoea kwamba gari hilo linawashwa bila kukanyaga chochote. Siku mdogo wako ataingia awashe redio, azungushe ufunguo kidogo zaidi, na mtoto amekaa mbele ya bampa. Tafadhali, ndugu zangu. Weka swichi kwenye pedeli ya klachi. Ni swichi tu.

Ukiniambia umepata 240D nyingine ya manyuo, imegongwa ubavuni, yote nzima kuanzia pedeli mpaka propela, sitakusumbua. Hiyo ni kazi ya heshima, na boksi la otomatiki lifunge kwenye turubai uliweke stoo, usimpe mtu wa chuma chakavu. Ila kabla hujalipia hiyo gari ya kuchinja, nenda kanunue vile vimpira.