Usifute kache kabla ya kuripoti hitilafu

Programu ikigoma kujengeka, ushauri wa kwanza unaotolewa ni uleule: futa kache (hifadhi ya matokeo ya ujenzi uliopita), jenga upya. Mara nyingi unafaa, ndiyo maana umeenea. Lakini hitilafu ya zana ya ujenzi iliyotoweka kwa kufuta kache haijatengenezwa. Ushahidi wake ndio uliofutwa, na kesho itamkuta mtu mwingine.

Kache ya ujenzi hufanya kazi kwa kulinganisha. Zana hukusanya kila inachoamini kinaathiri matokeo, yaani faili za msimbo, toleo la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), vigezo na baadhi ya vigeu vya mazingira, kisha huvikokotolea heshi, yaani alama fupi inayobadilika kimojawapo kikibadilika. Heshi hiyo ikiwa imeshawahi kuonekana, zana hutoa matokeo ya zamani bila kujenga tena. Kwa hiyo hitilafu nyingi za kache zina asili moja: kuna kitu kilichobadilika ambacho hakikuhesabiwa. Ripoti nzuri hukitaja kitu hicho. Ripoti inayosema "nilifuta kache ikakubali" haimpi mtunzaji wa zana pa kushika.

Kukitafuta si kazi ngumu, mradi kache yenye kasoro ibaki salama. Kwenye lugha ya Go, `go env GOCACHE` huonyesha folda yake; inakili kwanza mahali pengine. Kisha jenga kwa kache tupu bila kuigusa ile ya awali: `GOCACHE=$(mktemp -d) go build -x ./...`. Kigezo cha `-x` huchapisha kila amri inayoendeshwa, kwa hiyo hifadhi matokeo ya pande zote mbili (yanatoka kwenye mkondo wa makosa, elekeza kwa `2>`) uone ni kifurushi gani kilijengwa upande mmoja tu. Kwenye lugha ya Rust, ambayo zana yake ya ujenzi ni Cargo, `CARGO_TARGET_DIR=/tmp/tupu cargo build -v` hufanya kazi kama hiyo. Kwenye folda ya kawaida, `-v` hueleza kifurushi kipi kimehesabiwa `Fresh` (hakihitaji kujengwa) na kipi `Dirty` (kinahitaji), na matoleo ya karibuni huongeza sababu.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kosa ni la kwao. Mfano unaojirudia ni `build.rs`, skripti ya ujenzi ya kifurushi cha Rust, inayosoma kigeu cha mazingira lakini inatangaza `rerun-if-changed` ya faili moja tu. Ukishatangaza hivyo, Cargo huacha kufuatilia faili nyingine za kifurushi na kushika ulichoitajia. Kigeu kikibadilika, haina habari. Dawa ni mstari mmoja wa `rerun-if-env-changed`. Make nayo, zana nyingine ya ujenzi, kwa kawaida yake hutazama saa ya faili tu: faili iliyorudishwa kutoka nakala ya akiba ikiwa na tarehe ya zamani haitajengwa upya, na hiyo ndiyo tabia yake ya siku zote.

Maktaba sanifu, yaani msimbo unaokuja na lugha yenyewe, inadai ripoti ya aina nyingine. Hapa mazingira hupungua uzito, msimbo huongezeka. Ondoa kila kifurushi cha nje, punguza mpaka kila mstari uliobaki ukiondolewa hitilafu inapotea. Mara nyingi hubaki mistari kumi au ishirini. Andika ulichoingiza, kilichotoka, na sentensi ya nyaraka inayokiukwa. Hiyo sentensi ndiyo naithamini kuliko yote, kwa sababu kuitafuta kunachuja ripoti zisizo na msingi: Python ikijibu 2 kwa `round(2.5)`, nyaraka zinasema wazi kwamba nusu huenda kwenye namba shufwa. Kwa upande wa pili, mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kasoro ya kweli katika utafutaji wa nusu-nusu (binary search) wa Java, iliyokaa humo miaka tisa hivi. Kisa chake ni mstari mmoja, `(low + high) / 2`. Safu ikifika vipengele 1,073,741,824, jumla hiyo inaweza kuzidi ukubwa wa `int`, aina ya namba kamili ya Java, na kugeuka hasi. Maelezo ya namna hiyo hayaachi ubishi.

Matoleo yaandikwe kama zana inavyoyatoa: `go version` pamoja na `go env`, `rustc -vV`, `python -VV`. Yawe maandishi, si picha ya skrini. `go bug` hukuandalia ripoti yenye taarifa hizo, ila kagua vigeu kabla ya kutuma, kwani anwani za seva za ndani huvuja humo. Kasoro ya kiusalama hupelekwa kwa njia ya faragha iliyotajwa na mradi wenyewe.

Ikiwa toleo la jana lilikuwa zima, tumia `git bisect run`, amri inayotafuta badiliko lililoleta kasoro kwa kugawa historia nusu kwa nusu, na skripti yako fupi ya kujaribu kila toleo. Mabadiliko 1,000 humalizwa kwa majaribio kama 10. Kosa la kawaida hapa ni skripti kurudisha 1 pale ambapo kompaila yenyewe imeshindwa kujengeka: git huhesabu mabadiliko hayo kuwa mabaya na kumbebesha lawama asiyehusika. Rudisha 125, git itayaruka.