Dramu iliyolika: kuikereza au kununua nyingine

Land Rover ya zamani ya jeshi inapopandishwa kwenye jeki katika gereji za Nyakato, Mwanza, na dramu za breki, yaani vikombe vya chuma vinavyozunguka pamoja na magurudumu, zikaonekana zimelika, ubishi huwa ni ule ule. Mwenye gari anataka zikerezwe, yaani uso wake wa ndani ukwanguliwe kwa mashine, breki shuu (vipande vya upinde vinavyobana dramu kwa ndani) zipigwe lainingi mpya, yaani utando wa msuguano, na jioni arudi barabarani. Fundi akikataa, huambiwa anatafuta faida ya spea. Kwa maoni yangu fundi huyo anaonewa, ingawa hoja za mwenye gari nazo zina uzito.

Land Rover za Series III ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, hivyo dramu asilia ni za kutafutwa. Mpya nazo si zote zinazokaa sawasawa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Aidha, dramu iliyokerezwa kidogo ikabaki ndani ya kipimo cha mwisho cha mtengenezaji, yaani kipenyo kikubwa kabisa anachoruhusu, hufanya kazi vizuri. Kukereza huondoa michirizi na kurudisha uduara wake. Hayo hakuna fundi makini anayeyapinga.

Anachokipinga ni hesabu inayoanzia kwenye mashine na kusahau chuma kilichokwisha kulika. Pitisha ukucha ndani ya dramu ya gari linaloshuka mwaloni Igombe kupakia dagaa. Kwenye ukingo wa nje, mahali ambapo shuu hazifiki, ukucha hukwama kwenye ngazi ndogo ya chuma. Ngazi hiyo ndiyo inayoonyesha uso wa zamani wa dramu ulipokuwa, na kila kilichopungua chini yake kimeliwa na mchanga ulionaswa kati ya lainingi na chuma kabla mkerezaji hajaigusa. Ngazi ya nusu milimita maana yake kipenyo kimekwisha kuongezeka milimita moja nzima, na ili michirizi iishe ni lazima mkerezaji afike chini ya mchirizi ulio na kina kuliko yote.

Watu husema milimita moja ni kitu gani. Dramu ya Land Rover 109, ile yenye chasisi ndefu, ina kipenyo cha inchi 11, yaani takriban milimita 279. Chuma cha dramu ya ukubwa huo kikipata nyuzi joto 200 zaidi, kipenyo hupanuka kwa karibu milimita 0.6, kwa hiyo dramu huzikimbia shuu wakati ule ule dereva anapozihitaji, na pedali ya breki inakwenda chini. Dramu nyembamba hupata joto hilo mapema zaidi, kwa sababu chuma cha kulibeba kimepungua. Gari lililoshika vizuri barabara tambarare ya Igoma linaweza kumshangaza dereva wake kwenye mteremko wa Bugando likiwa na mzigo, baada ya kukanyaga breki mara kadhaa mfululizo.

Tena shuu yenye lainingi ya unene wa kawaida, ikiwekwa ndani ya dramu iliyopanuliwa, hugusa katikati tu, kwa kuwa upinde wake ni mdogo kuliko ule wa dramu. Dawa yake ni lainingi nene zaidi, iliyosagwa kufuata upinde mpya, na kazi hiyo inataka mtu mwenye subira.

Kwa hiyo fundi anayekataa namwomba jambo moja: apime kwa venia kalipa, chombo cha kupimia kipenyo, mbele ya mwenye gari, sehemu tatu au nne za kila dramu, kisha aziandike namba hizo kando ya kipimo cha mwisho. Shaka ya faida huwa kubwa zaidi anapodai zibadilishwe mbili wakati iliyokwisha ni moja. Hapo pia ana haki, kwa sababu dramu za ekseli moja zikitofautiana kipenyo gari huvuta upande mmoja linapofunga breki, na anayeteremka kuingia kwenye kivuko cha Kamanga hana nafasi ya kurekebisha usukani.