Kwa Kiwango cha Moja hadi Tano

Leo alfajiri nimeulizwa kama naridhika na usafiri wa jiji hili la Dar es Salaam. Si kwa dhihaka, jamani. Nimeulizwa rasmi, pale kituoni Gongo la Mboto, na kijana msafi mwenye kizibao cha njano, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, wakati mimi nimeshavua saa nimeitia kwenye soksi na simu nimeihamishia kifuani, tayari kwa kupanda gari. Mkaao Masaki hamtaelewa. Mkaao Chanika sina haja ya kuwaeleza.

"Shikamoo mzee. Tunakusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya mpango wa usafiri wa jiji. Ni dakika tano tu."

"Marahaba mwanangu. Dakika ninazo, gari ndiyo sina."

Mimi ni mtu wa staha, mnanijua. Mpaka Kosta ionekane.

Akaanza. Unatoka wapi? Chanika. Unakwenda wapi? Mwenge. Umetoka nyumbani saa ngapi? Saa kumi. Akagusa kioo, kioo kikakataa. Kumbe ameandika saa kumi jioni, na kishikwambi kinasema safari haiwezi kuanza jioni ikaendelea mpaka alfajiri. Nikamwambia asikilaumu, hakijawahi kuikuta Barabara ya Mandela mvua ikinyesha.

"Lengo la safari? Kuna kazi, masomo, matibabu, starehe, mengineyo."

"Muandikie starehe," akadakia mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua. "Si anapenda mwenyewe? Angekuwa hapendi angehama."

Ahamie wapi, mama? Tulikwenda Chanika kwa sababu ya kiwanja, na kila aliyetaka kiwanja alikwenda kule kiliko, halafu kazi zikabaki zilipokuwa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 4,364,541 mkoa mzima. Ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka nawajua wote, huwa tunakutana mlangoni mwa Kosta.

Na msiniambie jiji halikupangwa. Limepangwa mpaka limechoka. Ramani kuu ilichorwa 1949, ikachorwa 1968, ikachorwa tena 1979, wakati huo hata milioni moja hatujafika na barabara unavuka huku unakula muwa. Karatasi zipo. Sisi ndio tulikosea kuzaliana nje ya mistari.

Kijana alikuwa amefika swali la "umbali wa kutembea kutoka makazi hadi kituo cha karibu" Kosta ya Mwenge ilipochungulia. Staha yangu ikaishia hapo. Nikampa bega mtu aliyevaa suti, mtu wa suti akanipa kiwiko, mama vitumbua akatanguliza ndoo, na ndoo ya moto haibishaniwi. Kijana wa watu alisimama katikati akisema "samahani, samahani", lakini waliokuwa nyuma yake hawakujua kwamba yeye ni mtafiti. Walimwona mgongo. Wakausukuma. Nilipopata bomba la kushikilia na kugeuka, nikamkuta yuko kwapani kwangu, kishikwambi kakinyanyua juu kinagusa bati, kofia haipo.

"Mzee, mimi siendi!"

"Sasa unakwenda, mwanangu."

"Nyuma kweupe hukooo!" konda akapiga bati. "Sogeeni nyuma, wa kizibao, usizibe njia!"

Nyuma kulikuwa na watu wanaopumua kwa zamu.

Namsifu kwa jambo moja, kijana hakuacha kazi. Mahali pengine mtu angelia. Yeye akatazama juu, akasoma swali lililofuata kwenye dari: "Je, ndani ya chombo cha usafiri unapata nafasi ya kukaa, siku zote, mara nyingi, au mara chache?" Gari zima likacheka mpaka dereva akageuka kuangalia. Mtu mmoja kutoka siti ya nyuma akauliza kukaa kunahesabiwa kwa tako moja au mawili. Kijana akasema fomu haijafafanua. Basi tako moja likapitishwa kwa kauli moja, ikaandikwa mara chache.

"Kwa kiwango cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na usafiri wa umma?"

"Sifuri ipo?" nikauliza.

"Haipo mzee, inaanzia moja."

"Kwa hiyo hata nikiwa nimekufa humu ndani, nimeridhika moja?"

"Ndivyo ilivyopangwa, mzee."

"Andika moja, lakini iandike ndogo."

Mzee wa siti ya mbele, yule anayekaa kwa heshima ya mvi, akaomba kuchangia. Akasema enzi za UDA, shirika la mabasi la jiji, kulikuwa na basi la Ikarusi, ndefu, ina kiungo katikati, ikikata kona nusu ya abiria wanaiona nusu nyingine. Kijana akamwambia kwa adabu kwamba swali ni la hali ya sasa. "Na mimi nakujibu la sasa," akasema mzee, "iko wapi?" Hakuna aliyejua. UDA ilipozidiwa, 1983 wenye magari binafsi wakaruhusiwa kubeba watu, na hapo ndipo tulipo, tumebebwa.

Tukafika Tazara. Kuna daraja la juu pale, la Mfugale, tangu Septemba 2018, na ni zuri, silidharau. Linawavusha wanaokwenda mjini moja kwa moja. Sisi wa kukata kushoto kwenda Buguruni tunapita chini yake, tunaangalia matumbo ya magari ya wenzetu. Ubungo nako tangu 2021 tuna la Kijazi, ghorofa tatu kabisa. Foleni haikufa, imejengewa.

Taa za Buguruni zilikuwa kijani. Chini ya taa alisimama trafiki, mkono mmoja umetuzuia, mwingine unawaita wa upande wenye taa nyekundu. Kijana hakuona, akasoma: "Je, taa za kuongozea magari zinakidhi mahitaji?" Hatukumjibu. Tulimgeuza kichwa tu, abiria watatu kwa pamoja, akaangalia dirishani. Akaandika kitu kirefu.

Halafu konda akapiga bati mara mbili. "Mwisho hapa! Gari inageuza! Shukeni wazee wangu, gari inageuza!"

Ninaomba mniruhusu niweke staha pembeni kidogo.

Nauli ya Mwenge umeichukua Gongo la Mboto! Yote, taslimu, huku unanirudishia chenji ya noti zilizochanika! Kibao cha gari kimeandikwa Mwenge kwa rangi kubwa, mstari ubavuni umechorwa, LATRA wasimamizi wa usafiri wanajua, Mungu anajua. Mtu wa suti akasema hashuki. Mama vitumbua akasema atakaa hapo hapo auzie vitumbua ndani ya gari. Mimi nikadai nusu ya nauli, konda akaniuliza nusu ya nini, kwani Buguruni sijafika?

Na katikati ya kelele zile, kijana na kishikwambi chake, sijui alipata wapi moyo, akamuuliza konda kwa sauti ya ofisini: "Samahani kaka, ni sababu zipi zinazokufanya ukatishe ruti?"

Konda akanyamaza. Nadhani hajawahi kuulizwa.

"Andika hesabu," akasema. "Mimi na suka huyu anayeendesha hatuna mshahara, bro. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, imetimia haijatimia, foleni haimhusu, mafuta juu yetu, faini juu yetu. Hapa mpaka Mwenge na foleni ile ya External, saa mbili zimeondoka, na abiria ni hawa hawa, wameshalipa. Nikigeuza hapa nabeba wengine. Sasa wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Kijana akatafuta kwenye kishikwambi. Akapandisha, akashusha. Kulikuwa na kisanduku cha ubovu wa barabara, kisanduku cha ajali, kisanduku cha hali ya hewa. Cha hesabu hakikuwepo. Akaweka mengineyo.

Mimi konda namchukia kwa moyo mweupe, lakini hapo nilikosa jibu, na ndicho kilichoniudhi kuliko nauli. Katika mji mzima huu, ukianzia na mwenye gari, uje kwa suka, uje kwa konda, uje mpaka kwa mpiga debe anayepokea jero kwa kutuita majina, hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kunifikisha. Wote wanalipwa kwa kunipakia. Nikishapakiwa, biashara imekwisha, mimi ni mzigo uliobaki garini. Ukijenga daraja, suka atalipita akiwahi kugeuza. Ukipanua barabara, atageuzia penye upana. Halafu mimi ndiye naulizwa kama naridhika! Mkaulizeni hesabu kama imeridhika!

Najua mtaniambia mwendokasi. Haya. Mwendokasi wa Kimara ulianza Mei 2016, madereva wake wana mshahara na mabasi yana njia yake, na siku mto Msimbazi haujapanda pale Jangwani mtu wa Kimara anaweza kufika mjini bado ananukia sabuni. Sisi wa Barabara ya Nyerere ni awamu ya tatu ya mradi huo. Tumeishi na vifusi vyake, tumekula vumbi lake, tumesoma vibao vyake vya "Tumia njia mbadala", na njia mbadala ndiyo ile ile tuliyosimama.

Bodaboda sitaki kuizungumzia. Goti langu lingali linajua.

Msafara wa kiongozi nao, siku nyingine.

Basi tukashuka, maana gari ilishaanza kupakia wa kurudi tukiwa bado ndani. Kijana akagundua kwamba kituo alichopangiwa ni Gongo la Mboto, na ofisi iliyomtuma inahesabu fomu, na mwenzake yuko kule peke yake. Akapanda ile ile. Konda akamtoza nauli. Nikamwona dirishani, kizibao kimeshageuka upande, akanipungia nikadhani ananiaga, kumbe limebaki swali la mwisho.

"Mzee! Je, unaweza kumpendekezea rafiki yako usafiri huu?"

"Ninaye mmoja ananidai," nikamjibu, "mwandike ndiyo!"

Kazini nimefika saa tatu. Bosi, ambaye anakaa Mikocheni na anakuja kazini akiwa na kikombe cha chai kisichomwagika, akanishauri niwe natoka mapema. Bosi wangu, nikitoka mapema zaidi ya hapa nitapishana na mimi wa jana nikirudi.

Na msifikiri nikishafika Chanika yamekwisha. Kutoka lami mpaka kwangu kulikuwa na barabara, nilionyeshwa na dalali wakati nanunua kiwanja, akatembea katikati yake amenyoosha mikono yote miwili kuonyesha upana, akasema hapa linapita hata lori la mchanga. Jirani wa kona akapanda michongoma, kwa uzuri tu. Michongoma ikatoka kidogo. Jirani wa pili naye akasogeza seng'enge ili asionekane mjinga. Wa tatu amechimba shimo la choo pale pale lilipokuwa linapita lori la mchanga, na ameliwekea mfuniko wa zege, anasema bajaji zikitaka zipite juu yake hana kinyongo. Sasa mke wangu akiugua usiku tutambeba kwa toroli mpaka lami, na toroli lenyewe ni la huyo mwenye choo.

Mjumbe ameitisha kikao cha mtaa kuhusu barabara hiyo. Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Nikampigia, nikamwambia mjumbe wangu, saa kumi na moja mimi niko External, na siku mambo yakiwa magumu bado niko Ubungo nagombea dirisha. Akasema saa imeshapangwa na kamati, na kamati yenyewe ni wale watatu, na asiyefika faini elfu tano. Mke wangu nimeshamwachia hiyo hela.